Tuna siku moja tu Cozumel, na kila mtu nyumbani ana ufuo wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Houston, mwaka wa kumi na moja sasa. Desemba hii skuli zikifungwa tutapanda meli ya kitalii kutoka Galveston. Meli itakwenda mpaka Cozumel, kisiwa cha Mexico, ikae gatini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha igeuze kurudi. Pesa za safari hii nimezichuma kwa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mwaka mzima. Ndiyo maana siku hiyo moja ya nchi kavu imenikaa rohoni.

Mama mkwe yuko nasi tangu Septemba, amekuja kututembelea kutoka Msambweni, pwani ya Kenya. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na ni mtu wa stara. Amesema wazi kwamba hatakaa mahali watu wamelewa na wako nusu uchi, hata kama ni bure. Lakini bahari anaitaka. Kila siku ananiuliza maji huko yanakupwa saa ngapi ili tujipange.

Mume wangu amepata suluhisho lake. Tukishuka tukodi gari la wazi, tuvuke kisiwa mpaka upande wa mashariki. Amenionyesha picha: fuo ndefu, mchanga mweupe, hakuna mtu. Mama atakaa kwa raha zake, watoto watacheza, hatulipi kiingilio popote. Binti yangu wa miaka 13 hataki kusikia hayo, yeye anataka mahali penye slaidi za maji. Wa pili, wa miaka 8, anataka popote alipo baba yake. Wa mwisho ana miaka mitatu.

Shangazi, sijui kuogelea. Na jambo ambalo sijamwambia mtu: kiangazi kilichopita, kwenye bwawa la kuogelea la nyumba tulizopanga, huyu wa miaka 8 alizama mbele yangu. Hakupiga kelele. Nilidhani anacheza. Jirani ndiye aliyemvuta. Alitapika maji, akalia, tukarudi ndani. Mume wangu alikuwa kazini, na nilipomsimulia nilisema tu kwamba mtoto alimeza maji kidogo. Tangu siku hiyo nikiona picha ya mawimbi mikono inanitoka jasho, na yeye anadhani nabishana naye kwa sababu ya bei.

Nisaidie nichague ufuo ambao hautatugombanisha.

Mama Watatu, Houston

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hilo la bwawani, na hongera kwa kuliandika. Nitalirudia, maana naona ndilo barua yenyewe. Lakini kwanza nikuondolee shaka moja: upande wa mashariki msiende kuogelea. Hapo hakuna cha kubembelezana.

Mueleze mumeo kwa lugha ya nyumbani kwao. Mabaharia wetu hugawa chombo pande mbili, joshi na demani: upande unaopokea upepo na upande uliokingwa. Kisiwa nacho ni hivyo hivyo. Upepo wa kawaida wa Karibi unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani ya mashariki ya Cozumel ndiyo joshini. Mawimbi yanatoka bahari wazi na kuja kupasukia mchangani na kwenye majabali, na yakirudi yanavuta. Magharibi, upande unaotazama Mexico bara, ndiko demani. Huko maji yametulia, ndiyo sababu gati zote za meli na mji wa San Miguel viko huko. Fuo za mashariki ziko tupu kwa sababu hiyo hiyo. Wenyeji wanaijua bahari yao.

Nakisia mumeo anajiamini kwa sababu amekulia Msambweni. Kule mwamba uko mbali na ufuo, wimbi linavunjikia huko nje, na ndani watoto wanachezea maji yaliyokwisha kufugwa. Mtu aliyejifunza kuogelea ndani ya mwamba anaweza kuwa hodari kweli na bado asijue maji yanayovuta kuelekea nje yakoje. Mimi nimefika Cozumel mara mbili na jamaa zangu wa Dallas, na mara ya kwanza tulifanya hayo hayo mnayotaka kufanya. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, muogeleaji mzuri, alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti. Wimbi moja likamkata miguu, la pili likamburura juu ya mawe. Alitoka amechunika mgongo mzima, na tulikuwa watu wazima wanne tukimtazama. Maji yalikuwa ya magoti, mwanangu. Weka hapo mtoto wa miaka mitatu.

Kuna kighuba kimoja upande huo kinachoitwa Chen Río, majabali yamekizunguka kama ukuta na maji ya ndani ni ya kina kifupi. Familia za kisiwani huenda kupumzika huko Jumapili. Mumeo akikitaja, mwambie unakijua, na kwamba siku moja mtakwenda wenyewe bila saa ya meli shingoni. Akitamani kuzunguka kisiwa kwa gari apige picha, na azunguke. Pwani ile ni nzuri mno kutazama.

Swali la mkweo kuhusu maji kupwa limenifurahisha, maana linaonyesha ni mtu aliyezoea kuipangia bahari wakati. Sisi kwetu bamvua likifika maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kina mama wa Msambweni wanatembea juu ya mwamba kuchokoa pweza. Cozumel hakuna kitu hicho. Maji hupanda na kushuka shubiri moja au mbili tu, huwezi hata kuona kwa macho. Kwake hii ni habari njema. Asubuhi, adhuhuri na alasiri ukingo wa maji uko pale pale, na kiti chake kikishawekwa hakuna haja ya kukihamisha wala ya kutembea mbali kuifuata bahari na magoti yale. Mwambie pia asiokote kitu. Miamba ya huko ni hifadhi ya bahari ya taifa tangu 1996, na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mitano, akitolewa majini kwa ajili ya picha hufa.

Sasa ufuo. Ramani utakayokuta inaonyesha fuo nyingi za magharibi, lakini nyingi hazifanani hata kidogo. Chankanaab ni bustani yenye samaki wengi na kivuli kingi, ila mahali pa kutazamia samaki unaingia majini kwa ngazi kutoka kwenye jabali, na mguu haupati chini. Kwa mume na miwani yake ya kuzamia ni pazuri. Kwa mtoto wa miaka mitatu na mama asiyejua kuogelea, hapana. Mr. Sanchos unalipa mara moja unakula na kunywa utakavyo, pombe ikiwemo. Familia isiyokunywa inawalipia wengine, na mkweo atakaa katikati ya hicho hicho alichokikataa. Playa Mia ndiyo yenye slaidi za binti yako, na pana muziki na watu wengi. Paradise Beach ina bwawa kubwa na maboya makubwa ya kupandia baharini.

Ningekuwa mimi ni wewe ningechukua kipande cha Playa San Francisco, kusini zaidi ya gati. Mchanga unaingia majini polepole, mtoto anaweza kukaa kitako kwenye ukingo, na mnaweza kupata mahali pa kulipia kile mnachokula badala ya kifurushi cha vinywaji. Slaidi zisikutie presha. Mna siku mbili nzima baharini, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kama meli yenu ina slaidi, kama zilivyo nyingi za Galveston, binti atateleza mpaka achoke. Cozumel mpe kitu ambacho meli haina. Fuo hizo zina maboti madogo yanayochukua wageni kwenda kutazama miamba kwa saa moja au mbili. Aende na baba yake asubuhi, wawili tu, na jaketi za kuokolea mwilini na kiongozi wa boti karibu, kwa sababu mkondo katika mlango ule wa bahari, kati ya kisiwa na bara, unakwenda kaskazini kwa nguvu na mtu akizubaa anajikuta mbali na alipoingilia. Msichana wa miaka 13 aliyeletwa safari asiyoitaka, akishuka majini na babake wakaona kasa, atasahau slaidi.

Kabla hujalipa, waandikie wenye mahali uwaulize kama kuingia majini ni kwa mchanga au kwa ngazi, kama unaweza kulipia chakula peke yake, na kama meli isipotia nanga pesa zinarudi. Hilo la mwisho ni muhimu zaidi Desemba. Sisi tuna kaskazi na kusi, wao wana upepo wanaouita norte, unaoshuka na baridi kutoka Marekani kati ya Novemba na Machi. Ukivuma, ule upande wa demani niliousifu ndio unaochafuka, bandari inaweza kufungwa, na meli ikapita bila kusimama. Ukinunua matembezi kwa meli yenyewe, kwa kawaida wanakurudishia. Ukinunua kwingine, soma masharti. Na siku hiyo, hata pakiwa Playa San Francisco, ukikuta bendera nyekundu au nyeusi watoto wabaki kwenye mchanga, au kwenye bwawa kama lipo. Huo ndio uamuzi wote, hakuna mjadala wa familia.

Kuhusu stara: fika mapema. Meli ikifungua milango nyinyi muwe watu wa kwanza, mchukue mwavuli wa mwisho kabisa kandoni, mbali na baa, kiti cha mkweo kielekezwe baharini. Saa tatu asubuhi hakuna mlevi. Alasiri watakuwepo, lakini nyinyi saa nane na nusu mnafunga virago. Akitaka kuingia majini, na nadhani atataka, asiingie na baibui wala dira. Nguo pana ikilowa inakuwa mzigo na inajisokota miguuni, hata kwa mtu mwenye magoti mazima. Mnunulieni nguo ya kuogelea ya stara, suruali na kanzu fupi na kofia yake, aijaribu nyumbani kabla hajaona haya mbele ya watu. Nawe nunua yako. Inakinga jua pia, na losheni mtakayoihitaji itapungua, jambo zuri kwa miamba ile.

Chakula kina mtego mmoja. Maharage ya kupondwa ya Mexico mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na mkweo hawezi kuyajua kwa kuyatazama. Mafuta hayo huitwa manteca. Sema "sin manteca, sin cerdo", yaani bila mafuta hayo na bila nguruwe, na uagize samaki wa kuchoma mzima. Matunda na vyakula vya kupikwa kutoka melini msishuke navyo, vinakatazwa. Biskuti zilizofungwa za mtoto hazina neno.

Nirudi bwawani sasa.

Mtoto anayezama hapigi kelele, mwanangu. Mdomo uko majini, pumzi ya kuitia haipo. Ulidhani anacheza kwa sababu ndivyo inavyoonekana, hata kwa mtu aliyesomea uokoaji asipojua cha kutazama. Hukuwa mzembe. Hapa Marekani watoto wa mwaka mmoja hadi minne wanakufa kwa kuzama kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na wengi wao mtu mzima yuko karibu. Ukibeba siri hiyo mpaka Cozumel utakaa ufuoni umekauka kama mti, kila mtoto akigusa maji utapiga yowe, na mumeo atazidi kudhani ni ubahili au ukaidi.

Mwambie. Usingoje mko melini na mama yake pembeni. Chagua usiku ambao huna zamu, watoto wamelala, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na jirani aliyemvuta mtoto na pamoja na uongo mdogo uliomwambia. Anza na hilo, picha za fuo ziwe baadaye. Mtu hawezi kukusaidia kubeba mzigo ambao hajaonyeshwa, na mpaka sasa amekuwa akijibu swali la bei ambalo wewe hukumuuliza. Anaweza kukasirika kwamba ulimficha. Mwache akasirike, atatulia. Ni baba wa mtoto huyo.

Kisha mgawane kazi ya macho. Ufuoni pawe na mlinzi mmoja wa maji kila wakati, kwa zamu ya robo saa, na mwenye zamu hashiki simu, hali, hasomi, hazungumzi na mtu nyuma yake. Zamu zote za kusimama majini ni za mumeo, kwa kuwa yeye ndiye anayeogelea. Akiwa kwenye boti na binti, hao wengine wawili wanacheza mchangani na hakuna anayeingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Akirudi, wanaingia wote. Wa miaka mitatu asiwe mbali na mkono wa mtu mzima, urefu wa mkono hasa, awe anaweza kushikwa bila mtu kupiga hatua. Na mkweo umpe kazi pia, kwa heshima, kwa sababu ni mtu wa bahari: yeye akae akitazama maji na upepo, na akisema yamebadilika, mnatoka. Wazee wa pwani wanaliona hilo mapema kuliko sisi. Nadhani atafurahi kwamba kuna mtu nyumbani kwenu anayehitaji anachokijua.

Nawe, kabla ya Desemba, jisajili darasa la kuogelea la watu wazima. Uliza kwenye mabwawa ya jamii ya Houston, na uulize pia kama kuna saa za wanawake peke yao. Kwa wiki chache hutajua kuogelea baharini, ila utajua kuelea chali na kusimama ukiyumbishwa, na mikono itapungua jasho.

Mengine ni ya haraka. Pasipoti ya Kenya ya mkweo haihitaji viza ya Mexico ikiwa viza yake ya Marekani bado ni hai. Muhimu zaidi ni kurudi: tazama kwenye ile stika ya viza ya Marekani, sehemu ya idadi ya kuingia iwe na herufi M, maana akiwa na ruhusa ya kuingia mara moja tu ameshaitumia mlipompokea uwanjani. Hakikisha hayo na kampuni ya meli kwa maandishi. Nyinyi nanyi chukueni pasipoti hata kama mmeambiwa cheti cha kuzaliwa kinatosha, kwa sababu mtu aliyeachwa na meli hurudi kwa ndege. Gatini muombe kiti cha magurudumu cha mkweo siku moja kabla, gati zile ni ndefu. Teksi bei zake zimepangwa na zimebandikwa, hata hivyo taja bei kabla hamjapanda na uulize kama ni ya gari zima au ya kichwa.

Na saa. Desemba Cozumel iko mbele ya Houston kwa saa moja, na simu yako itajibadilisha yenyewe. Meli inaweza kubadilisha au isibadilishe. Asubuhi ile, kabla hamjashuka, muulize mfanyakazi wa meli saa ya melini ni ngapi, uiweke kwenye saa ya mkono ya mumeo, na hiyo ndiyo saa yenu siku nzima. Wajukuu waliozaliwa Houston wafundishwe pia: bibi akisema tukutane hapa saa nane, ni saa nane ya Kiswahili, mchana. Nimeona mtoto akingoja mpaka saa mbili usiku, akidhani nane ni ile ya Kiingereza.

Jaketi la kuokolea la huyu mdogo linunuliwe huko huko Houston, lenye muhuri wa walinzi wa pwani wa Marekani na uzito wake umeandikwa ndani, kwa sababu saizi ya miaka mitatu ufuoni mara nyingi hakuna. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi yaacheni dukani. Akishalipata, aende nalo bwawani Jumamosi, lile lile bwawa, mumeo akiwa majini na wewe umekaa ukingoni, miguu ndani.